Masaa Matatu Nyuma

Kijijini, Kyerwa
Jumatano jioni

Kaka Obedi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mmemaliza kuchimba viazi, na magoti ya mama yamepata nafuu. Baridi ya Makete naikumbuka, lakini sikumbuki kama iliwahi kunitetemesha kama ninavyotetemeka wiki hii. Neema ameota meno mawili ya chini na anashika kila kitu. Mimi mwili ni mzima.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu siku hizi inashikwa na watu wengi humu ndani. Barua anakuja nayo muuguzi wa zahanati yetu anayekwenda likizo Njombe. Isome ukiwa peke yako kwanza, halafu uamue cha kumwambia mama.

Unaikumbuka kompyuta uliyonipa siku ya kuniaga kabla ya harusi, ukaiwekea mifumo miwili: Windows ya kuchapia mitihani ya shule, na Linux ambayo Baba Neema anaitumia kwa masomo yake ya ualimu. Nilikueleza kwenye simu kwamba saa yake haitulii. Naisahihisha leo, kesho naikuta imerudi nyuma. Ukaniambia huenda betri ndogo ya ndani imekufa. Nilinunua mpya Kayanga, nikafungua kifuniko kama ulivyonifundisha, nikaiweka. Saa ikakaa sawa siku mbili, halafu ikarudi nyuma tena. Nikaizoea. Kumbe haikuwa jambo la kuzoea.

Jirani yetu ni Mama Adventina, mjane wa baba mdogo wa mume wangu. Marehemu alimwachia kibanja kizuri, migomba na kahawa mpaka chini mtoni. Ijumaa alfajiri alikuta karatasi imechomekwa mlangoni kwake. Imeandikwa ahame kabla kahawa haijaiva, la sivyo ataungua pamoja na nyumba yake.

Jumamosi, Mwenyekiti wa kitongoji akaja kwetu nayo. Ni mzee mpole, anaongea taratibu. Akanionyesha mstari mweusi pembeni mwa karatasi, ule ambao printa yangu huuacha kila ninapochapa.

"Mama Neema, mstari huu nimeuona kwenye mitihani ya wajukuu zangu. Hii imetoka kwenye mashine yako."

Nikawasha kompyuta mbele yake, upande wa Windows, tukatafuta. Tukalikuta faili limeitwa "fomu," na ndani yake maneno yaleyale, neno kwa neno. Limehifadhiwa Alhamisi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Alhamisi asubuhi nilikuwa Rubwera kupeleka mitihani," nikasema.

"Na mimi nilikuwa darasani," akadakia Baba Neema. "Saa tatu hapa nyumbani alikuwepo Esperansi peke yake."

Esperansi ndiye anayenisaidia shamba na mtoto. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa huku, ila karatasi zake hazijakamilika. Alikuwa anamenya ndizi uani. Alipoitwa, kisu kikamdondoka.

"Mama Neema, mimi hata kuiwasha siwezi. Waitu, jamani, waambie!"

Niliwaambia. Nani alisikia? Mwenyekiti akaondoka naye, akamweka kwake chini ya macho ya mkewe, ili Jumatatu apelekwe Rubwera kuhojiwa na habari za karatasi zake zifuatiliwe. Mume wangu hakumtazama hata mara moja. Nililiona hilo, kaka, nikalisukuma pembeni.

Jumapili baada ya ibada nilikaa kuchapa mtihani wa hesabu. Ilikuwa saa nane mchana, kompyuta inasema saa tano. Safari hii sikuisahihisha tu. Niliuliza kwa nini kila siku ni masaa matatu kamili, si mawili wala manne. Betri iliyokufa haihesabu vizuri hivyo.

Nikaiweka saa sawa, nikazima, nikafungua upande wa Linux, nikauunganisha na intaneti ya simu. Huko saa ilikuwa sahihi. Nikazima, nikarudi Windows. Masaa matatu nyuma. Nikarudia mara tatu, ikawa hivyohivyo. Nikaelewa kwamba Linux ikipata saa ya mtandao inaiandika ndani ya mashine kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa masaa matatu, na Windows inaisoma kama saa ya hapa. Windows mimi siiunganishi na mtandao kwa kuogopa virusi, basi hakuna wa kuirekebisha.

Jumatano ile usiku, kuamkia Alhamisi ya faili lile, Baba Neema alikuwa Linux, anapakua vitabu.

Nikaufungua mtihani niliouchapa mwenyewe Alhamisi. Niliuanza saa kumi na moja jioni, kuku wakiingia bandani. Mashine iliandika saa nane. Basi ile karatasi ya vitisho iliandikwa saa sita na dakika kumi na mbili mchana, si asubuhi.

Saa sita nilikuwa nimesharudi. Esperansi nilimtuma kuanua kahawa. Mimi nilikuwa jiko la nje napika ndizi na maharage, na mezani kwangu alikaa Projestus, mdogo wake mume wangu, akijaza fomu ya kazi. Nilimpelekea chakula. Akakifunika kioo cha kompyuta kwa mkono, akasema, "Asante shemeji, Mungu akubariki."

Nilimwonyesha Baba Neema hesabu hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Funga hiyo mashine. Esperansi atapata kazi kwingine."

"Na Mama Adventina?"

"Kile kibanja ni cha baba zetu."

Ndipo nikajua ninalala pembeni ya nani.

Jumatatu, Neema mgongoni na kompyuta kwenye kikapu, nilimwahi Mwenyekiti kabla bodaboda ya kumpeleka Esperansi haijafika. Nikaandika faili mbele yake, nikamwomba atazame saa yake ya mkononi. Yake ilisema saa moja na nusu asubuhi, mashine ikasema saa kumi na nusu alfajiri. Nikamweleza nani alikuwa mezani saa sita. Akamwita mkewe amrudishie Esperansi kanga yake, aende kwao. Projestus aliitwa, akakana, na mwisho Mwenyekiti akasema ni mambo ya ukoo, wakayamalize wenyewe. Ndivyo ilivyoisha, kama imeisha. Mama Adventina anahamishia vyombo vyake kanisani kidogokidogo.

Saa nimeshaitengeneza. Niliiandikia Linux amri ya mstari mmoja ili itumie saa ya hapa, na sasa pande zote zinakubaliana. Nilidhani ningefurahi.

Jana Projestus alikuja. Akakaa mlangoni, akampakata Neema, akamchezesha.

"Shemeji, kwenu ni mbali sana, eeh?"

"Mbali."

"Ukitaka kwenda, nauli tutakuchangia. Mtoto atabaki kwao."

Akanirudishia mtoto, akaaga vizuri.

Nisalimie mama, umwambie ninakula. Msalimie wifi yangu, mkeo, na shangazi aliyenisuka siku ya harusi, na mchungaji aliyetufungisha ndoa. Huyo mwombe atuombee, usimwambie kwa nini. Jibu usilitume kwa simu, mpe muuguzi akirudi.

Nipigie kila Jumapili baada ya ibada. Nikilalamika juu ya mvua, bei ya sabuni au usumbufu wa mtoto, jua bado niko salama. Lakini nikikwambia huku ni raha tupu, kwamba hatuna shida yoyote, wala mtu asisumbuke kuja kututembelea, basi siku hiyohiyo panda gari.

Mdogo wako akupendaye,
Yusta