Ikikosa, Weka 37.5

Jumatatu, 3 Machi
Programu yangu imegoma tena! Kazi yake ni kukiuliza joto kipimajoto cha mashine ya kutotolea vifaranga. Waya ukilegea, jibu halirudi, kila kitu kinasimama. Shangazi kapiga simu asubuhi nzima — eti mbona mashine yako inazirai zirai? Nimechoka. Nimeongeza mstari mmoja: jibu likikosekana, weka 37.5, joto linalotakiwa na mayai. Skrini ya kijani, shwari. Shangazi kaniita injinia. Kichwa kikavimba!

Jumanne, 11 Machi
Baba mdogo, anayelinda banda usiku, anaisifu skrini. Shangazi alimkabidhi mdogo wake huyu funguo alipoacha pombe. Anazivaa shingoni, mtu mzima yule! Nimemwambia asihangaike kugusa mayai, atazame namba tu.

Jumatano, 19 Machi
Leo mayai yametimiza siku ishirini na moja, na hakuna kifaranga hata mmoja. Trei zote! Shangazi kapasua yai, kalitazama, kalifunika kwa kiganja. Hakupiga kelele — afadhali angepiga. Anasema kuna aliyezima mashine. Macho yote kwa baba mdogo.

Alhamisi, 20 Machi
Nimeingia bandani peke yangu. Panya ametafuna waya wa kipimajoto. Kumbe muda wote huo hakikujibu kitu — mstari wangu ndio uliojibu kwa niaba yake: 37.5, 37.5, 37.5. Hita ikaamini joto linatosha, ikalala. Mayai yakapoa.

“Hakuna jibu” si 37.5! Hata anayeanza kujifunza anajua: kwanza uliza kama jibu lipo, kama halipo, sema halipo, piga kengele. Nimeandika upya hivyo, kazi ya muda mfupi tu. Kusema ndiko kulikonishinda. Naona aibu hadi masikio yanawaka. Mezani nimejitia hamnazo, nikaomba chumvi.

Ijumaa, 21 Machi
Shangazi kachukua funguo. Anadai alinusa pombe. Pombe gani! Baya zaidi, baba mdogo mwenyewe ameanza kuamini. Kaniuliza kwa sauti ya chini, mwanangu, mtu anaweza kunywa kisha asikumbuke kabisa? Nikamjibu sijui. Sijui! Ningekatwa ulimi huu.

Jumapili, 23 Machi
Kikao sebuleni. Nimejifungia chumbani, eti kichwa kinauma. Namsikia baba mdogo anaomba radhi — huenda alisinzia, huenda aligusa swichi, hakumbuki, ataondoka leo leo. Shangazi analia. Kompyuta iko mapajani, mstari ule wa zamani nimeufungua ili niwaonyeshe. Miguu haitaki. Mwoga mkubwa mimi!

Viti vinasogezwa. Mtu anakuja koridoni. Ni baba mdogo, anagonga. Anasema nisilie, nisijilaumu, mashine yangu haikuwa na kosa lolote. Begi lake liko mlangoni, nitoke basi tuagane.

Anagonga tena.