Mlango Chini ya Tairi

Jumanne, 4 Februari 1975

Tumerudi kutoka Kaoze jioni hii. Mgongo unauma utadhani mimi ndiye niliyelibeba gari.

Niandike sasa hivi, kabla sijaanza kujidanganya. Tulikwama. Barabara haikutukwamisha, ni mimi.

Landrova hii ina habu za mbele, vile vitovu vya magurudumu, za kufunga kwa mkono. Usiposhuka ukazizungusha, hata ukandamize kitufe cha njano cha fowili mpaka kesho, magurudumu ya mbele yanafuata tu, hayavuti. Kila dereva anajua. Nilipoliona lile dimbwi jeusi kabla hatujaanza kupanda mlima, nilijua natakiwa kushuka. Sikushuka. Nilikuwa nimevaa viatu vipya, vile vya kahawia vilivyotoka Mbeya. Nikajisemea tutapita kwa kasi. Loo! Tulizama mpaka ekseli.

Ndugu Eustaki, afisa ninayemwendesha, aliuliza kama fowili imekataa. Nikasema matope ya bondeni ni mabaya sana. Akaamini. Yeye ni mtu wa makaratasi.

Kando ya njia walikuwepo watu waliohamishiwa kijiji kipya, wanangoja kuonyeshwa viwanja. Vyungu, mikeka, kuku kwenye matenga, milango. Nyumba zao za zamani zilibomolewa wiki iliyopita. Ndugu Eustaki akawaita wanaume wasukume. Walisukuma kweli, tope likawajaa usoni, gari halikusogea. Ndipo akauona mlango mmoja mpana, wa mninga. Akaagiza uwekwe chini ya tairi.

Mwenyewe ni mama mtu mzima, wanamwita mama Dominika. Hakupiga kelele. Alisema, "Ndugu, huo aliuchonga marehemu mume wangu. Nyumba mmeivunja, nimebaki na huo."

Akaambiwa ni wa dakika moja tu, atarudishiwa. Mlango ukawekwa, tairi likaukamata, nikasikia ta! — tukatoka. Ndugu Eustaki akasema niutupie nyuma upesi, huenda mbele kuna tope jingine. Nikavua viatu, nikashuka pekupeku, nikautupia. Pekupeku! Ningeweza kushuka hivyo tangu mwanzo.

Tope jingine halikuwepo. Kwenye kioo nilimwona yule mama amenyanyua mkono. Hakuwa anatuaga.


Jumatano, 5 Februari 1975

Kuosha gari tangu asubuhi, kijitoni chini ya mtaa wa Izia. Tope la bondeni halingojewi, likikauka ni saruji. Na unaanza chini. Madereva wengi hapa mjini wanang'arisha bodi huku springi zimejaa udongo, halafu wanashangaa gari linalia. Kijiti kwanza, kutoa mabonge ndani ya madigadi. Kisha maji, ndoo kwa ndoo. Rejeta kwa burashi laini, polepole. Nikafungua madramu ya breki yote manne — ndani uji mweusi mtupu. Juu tope jekundu la huku kwetu, chini yake jeusi la kule. Likitoka la huku, la kule bado limeshika.

Habu za mbele: alama bado inaonyesha zimefunguliwa. Nilizifuta bila kuziangalia sana.

Mwisho nikaushusha mlango. Nao nikauosha. Ni ubao mmoja mzima, hauna bawaba. Umechongwa na vijiti viwili vya kuzungukia, juu na chini, humo humo kwenye mti. Mfupi, mtu lazima ainame kuingia. Upande mmoja kuna sehemu imelainika kabisa, ndipo mkono wa yule mama ulipokuwa ukisukuma kila siku. Umepasuka kutoka juu hadi karibu na chini.

Nimeuleta nyumbani Chanji kwa mabega. Majirani wameniuliza kama najenga.


Alhamisi, 6 Februari 1975

Nimemsimulia Atuganile yote, na habu, na viatu. Alikuwa anapepeta ulezi. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Akauliza tu, "Na viatu viko wapi?"

Viko juu ya kabati. Nimekula peke yangu.


Jumapili, 9 Februari 1975

Baada ya ibada nimeushughulikia mlango. Gundi haikufaa. Nimekata mikanda mitatu ya bati kutoka pipa kuukuu la oili, nikaikunja, nikaigongomea nyuma. Atuganile alishika upande wa pili bila kuombwa. Ufa bado unaonekana, ila ukiupiga ngumi hautikisiki. Kijiti cha juu kilikuwa kimelegea. Nacho nimekikaza.

Sasa kuufikisha. Kaoze si mtaa wa pili. Na mvua hii! Jana imenyesha kutwa. Namfikiria yule mama, nyumba mpya, labda ya nyasi bado, mlangoni ameziba na mkeka. Kule fisi wanaingia mpaka jikoni. Naona aibu, basi.


Ijumaa, 14 Februari 1975

Petroli hakuna, safari hakuna. Ndugu Eustaki amekuja gereji na kuuliza ule ubao uko wapi. Ubao! Anasema umetusaidia, ukae ndani ya gari siku zote za masika. Nikajibu nimeupeleka kutengenezwa. Akanisifu kwamba natunza mali ya umma.

Hapo ndipo pa kusema. Ningesema: ndugu, si wa umma, una mwenyewe, na kilichoupasua ni uvivu wangu. Lakini dereva aliyekwamisha gari la serikali kwa ajili ya viatu atapewa fagio afagie uwanja wa ofisi. Nikarudi chini ya gari.


Jumatatu, 24 Februari 1975

Kesho Kaoze! Petroli imekuja. Mlango nimeufunika turubai nyuma ya gari. Nitaushusha mlangoni kwa mama mwenyewe wakati Ndugu Eustaki yuko mkutanoni, nimwombe radhi, yaishe. Habu nimezifunga hapa hapa Sumbawanga, nimezikagua mara tatu. Viatu vya zamani, vilivyotoboka. Atuganile ameona, akatabasamu kidogo. Mara ya kwanza tangu nimsimulie.


Jumanne, 25 Februari 1975

Naandika kwa penseli, tumekwama. Pale pale.

Safari hii sina kosa, na hainisaidii kitu. Lori limepita jana likachimba mitaro miwili. Landrova imekaa kwa tumbo juu ya tuta la katikati, magurudumu yote manne yanazunguka hewani. Hakuna fowili ya kutoka hapo. Jeki inadidimia. Inataka kitu kipana chini.

Ndugu Eustaki mwenyewe ndiye aliyefunua turubai. Akafurahi, akanipiga begani: "Kumbe ubao upo! Hodari wewe, Lutengano." Nikafungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Sawa, ndugu." Mwoga mkubwa mimi!

Amekwenda kijijini kuita watu wa kusukuma. Ameagiza akirudi aukute uko chini ya tairi tayari.

Nimekata matawi, nimeyashindilia, yamemezwa. Nimeweka turubai, limemezwa. Nimeng'oa mbao za kiti cha nyuma, nimeziweka chini ya jeki. Nyembamba, zimevunjika zote mbili. Hizo ndizo mali ya umma, nitazijibia. Viatu nimevua. Tope limefika magotini.

Mlango nimeutoa na kuulaza majanini, mbali na dimbwi. Mkavu. Hauna hata tone.

Nawaona wanakuja, kama watu kumi na wawili, na majembe. Ndugu Eustaki yuko mbele. Nyuma yake kuna mama amejifunga kitenge kiunoni, naye ameanza kutembea haraka kuwapita wengine. Ni yeye. Ameuona.

Ndugu Eustaki ananionyesha kwa mkono: chini ya tairi, chini ya tairi.

Mlango nimeukalia.