Mpira Ule Uligusa Chini

Jumamosi, 11 Februari 1984

Tumefungwa kriketi na Kuwait jana, sie timu ya Oman, kule Ruwi, Maskati. Kwa wiketi moja! Na wote wanasema nimewafungisha mie.

Niandike ilivyokuwa, kabla hawajanichanganya akili. Kuwait wamebakiwa na mtu wao wa mwisho. Wanataka mbio nne tu. Mpira ukakwaruza ukingo wa gongo lake la kupigia, ukaja chini chini kushoto kwangu. Ukidakwa haujagusa chini, katoka, tumeshinda. Nikaruka. Nikaudaka — lakini ulikuwa umeshagusa mkeka. Niliusikia vidoleni. Refa keshanyanyua kidole kuwa katoka, wenzangu wananirukia, nami nikasema: la, umegusa chini. Akamrudisha yule mtu. Mpira uliofuata, kapata mbio zote nne. Basi.

Kapteni wetu, injinia wa Karachi, alikataa mkono wangu. Miaka mitano yeye anarusha, mie nyuma ya vijiti nadaka!

Kidole cha shahada kimevimba. Ghaniya kanifunga kitambaa, hakuuliza kitu. Mke huyu, Mungu aniwekee.

Jumatatu, 13 Februari

Simu ofisini. Marhoun, katibu wa kamati, kutoka Maskati. Anataka barua. Niseme sikuona vizuri, jua lilikuwa machoni, naomba radhi. Bila ya barua siendi Bahrain kwenye mechi ijayo. Ndege ni Jumapili.

Nikamwambia jua lilikuwa mgongoni.

Akasema we Humoud mtu mzima, una miaka thelathini na tano, timu ya taifa utaipata wapi tena?

Kweli. Siipati tena. Tangu skuli Unguja navaa glavu, kwa sababu hapana aliyetaka kuchutama juani kutwa. Vidole vitatu vimepinda. Nimeidakia nchi hii mechi kumi na moja, kupiga naingia wa sita, mara mbili nimevuka mbio hamsini. Bahrain naitaka — wallahi naitaka! Lakini siinunui kwa uongo.

Alhamisi, 16 Februari

Ibra, mechi ya kirafiki. Uwanja wa changarawe, mkeka juu ya saruji. Kidole kinauma, glavu nimevaa.

Nadhir wa Ibra, aliyelelewa Mwanza, akaingia kupiga huku anacheka. Shekhe, leo utatuletea problem gani? Watu wakaangua kicheko. Nikachutama mahali pangu. Mipira sita ya kwanza ikapita; ova ya pili akatoka nje ya mstari wake kuufuata mpira wa taratibu — akaukosa. Nikaviangusha vijiti vyote vitatu kwa mpira, katoka! Akaondoka mwenyewe, hata kumtazama refa hakumtazama.

Akanipitia karibu. Na ule wa Ruwi, kweli uligusa? Uligusa, nikamwambia. Akasimama kidogo. Tungekuwa timu moja ningekupiga ngumi, akasema, halafu ningekuamini.

Zamu yangu nikapiga mbio sitini na moja. Kwa vidole tisa. Anayetaka kusema nimezeeka na aseme.

Ijumaa, 17 Februari

Wamekuja! Mpaka kwangu Nizwa, baada ya sala. Marhoun na kapteni. Wako majlisi, chumba cha wageni, sasa hivi, mama yangu anawamiminia kahawa. Barua wameichapa wenyewe, upande Kiarabu upande Kiingereza. Inangoja sahihi yangu tu. Nikasema naingia chumbani nikaisome.

Ghaniya kasimama mlangoni. Saini uende zako, kasema. Halafu: au usisaini, lakini usije ukaninunia humu ndani mwaka mzima! Nimecheka. Mara ya mwanzo wiki hii.

Namsikia mama. Hujambo mwanangu Marhoun, mama yako hajambo? Kwa Kiswahili. Mwenyewe kamjibu kwa Kiarabu. Hata shikamoo hakumpa! Marhoun huyu kazaliwa Ng'ambo ya Unguja, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipougua surua ni mama aliyekaa kitako kumuuguza. Leo ana cheo, na mbele ya wageni Kiswahili hakijui hata neno.

Kapteni, kabla sijaingia chumbani, alikuwa anakunywa kahawa. Kanitazama kidole tu.

Haya. Karatasi yao nimeigeuza nyuma. Nimeandika kwa mkono, Kiswahili kitupu:

"Uligusa chini. Mie ndiye niliyekuwa karibu. Siombi radhi. Jumapili nitakuwa uwanja wa ndege na glavu zangu, na mkitaka kumpa mwengine nafasi yangu, mwambieni mbele yangu."

Sahihi. Tarehe. Nimempa Ghaniya apeleke. Mwandiko umepinda — si woga! Kidole.

Mlango uko wazi. Kapteni anauliza kwa Kiingereza, imeandikwa nini hii? Marhoun anamwambia si kitu, si kitu, twende.

Kapteni hainuki. Anauliza tena.

Mama anasema: msomee mwenzio, Marhoun. Pole pole.

Marhoun anaishika karatasi. Anakohoa. Anakohoa tena — halafu anaanza, kwa Kiswahili kwanza: uligusa chini.