Anwani Fupi Zimenipotezea Masomo ya Kadzo

Shikamoo Bi Mwanasaumu,

Nimechoka kujificha, naomba unisaidie kupitia safu yako gazetini. Mimi ni karani hapa Changamwe, na binti yangu Kadzo, miaka saba, aliugua homa ya uti wa mgongo akapoteza kusikia, basi tangu mwaka jana, 1998, tajiri wangu huniruhusu kuingia kwenye intaneti saa ya chakula nitafute masomo ya lugha ya ishara, na anwani za kurasa ni ndefu mno, kwa hiyo nikawa naandika zile fupi zinazotolewa bure na kampuni nyingine, ambazo ukizipiga zinakupeleka zenyewe kwenye ukurasa, daftari likapendeza, zikafika arobaini, nikamwahidi Mwalimu Kanze wa darasa la viziwi kwamba nitamtilia masomo yote kwenye disketi. Alipokuja ofisini tuyafungue, la kwanza halikufunguka, la pili likaleta tangazo la kamari, la tatu mwanamke asiye na nguo za kutosha, nikazima mashine nikasema imeharibika. Atarudi mwisho wa mwezi. Nimwambie nini, au nichome daftari? Kila jioni Kadzo hunivuta shati nimwonyeshe neno jipya la ishara. Hizo tatu nimeziandika nyuma ya karatasi hii, pamoja na majina ya masomo.

Baya, Changamwe

Marahaba, Baya.

Pole kwa maradhi ya mtoto, na hongera, maana wapo akina baba ambao wangemfungia ndani. Lakini Mwalimu umemkosea. Tena umefungua tatu kati ya arobaini ukakata tamaa, haraka ya nini?

Nimemuuliza Rama, fundi wa kompyuta hapa gazetini. Anasema anwani fupi ni kama barua unayoipitisha kwa mwenye duka: duka likifungwa barua haifiki, na akiingia mpangaji mwingine anakupa matangazo yake, ingawa unayemwandikia bado yuko kwake. Kesho anza na ya nne. Ukurasa ukifunguka, nakili anwani ndefu inayotokea juu, herufi kwa herufi, hata ikijaza mistari mitatu. Nani alikwambia daftari ni pambo? Kisha hifadhi ukurasa wenyewe na picha zake kwenye disketi siku hiyo hiyo, kwani hata anwani ndefu hufa. Zilizokufa zitafute kwenye intaneti kwa jina la somo. Rama amefanya hivyo kwa zako tatu na mbili amezipata; nakutumia kwa posta.

Usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kwa Mwalimu Kanze wiki hii, umwambie ulimdanganya, umwombe radhi. Halafu mwombe akufundishe neno moja la mikono, urudi nalo nyumbani jioni hiyo kwa Kadzo.