Yule Asiyekohoa

Nyamianda, Uvira
Jumatano, baada ya mvua

Kwako dada yangu mkubwa, yaya wangu mpenzi Georgette,

Pokea salamu zangu na za Mama, ambaye amekaa hapa mlangoni akichambua mchele wa Luberizi na kuniuliza kila mara ninaandika nini kirefu hivyo. Sisi hatujambo, mvua tu inatusumbua. Na wewe je? Miguu bado inavimba? Mtoto bado anakupiga mateke ukilala ubavu wa kushoto? Niambie yote, na usinipambie habari mbaya kama kawaida yako. Mimi ni mdogo wako, lakini si mjinga.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu utaiona mbele. Siku hizi Mama ana masikio makali, na haya hayawezi kusemwa akiwa karibu. Barua anakuletea Pudentienne, anayetangulia kesho na boti ya wachuuzi wa samaki wa ndagala, ile ya kushuka na kulala Baraka. Unamjua Pudentienne, hapiti penye habari bila kuonja, kwa hiyo nimeifungia ndani ya kitambaa na kukishona.

Kwanza neno unalolisubiri: Mama anakuja. Mungu akipenda, Ijumaa watang'oa nanga Kalundu asubuhi, nawe jioni utamwona Ubwari. Jina lake limekwisha kuandikwa. Lakini dada yangu, kazi niliyoipata kuliandikisha, we acha tu.

Uliposema kwamba baada ya kumpoteza yule wa kwanza huwezi kuzaa bila mikono ya Mama, alifunga mzigo siku ile ile. Kesho yake akaufungua. Boti inayokuja kwenu moja kwa moja ni ile ambayo shemeji Ildephonse ndiye fundi wa injini, na Mama hapandi chombo kimoja na mkwe wake. Mambo yake unayajua. Tangu uolewe, shemeji akituletea samaki husimama nje ya lango, hukohoa, naye Mama hujifunika kitenge usoni na kupita nyuma ya nyumba mpaka aondoke. Hata jina lake halitaji, humwita tu ule wa motere. Nikamweleza kwamba yeye atakaa mbele na wanawake wenzake, mkwe atakuwa nyuma kwenye injini. Akanijibu: “Mu bato hakuna nyuma ya nyumba, Naomie. Nikikutana naye nitakimbilia wapi, mu maji?” Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi nikaanza kwenda bandarini kutafuta boti nyingine. Toussaint, anayeandikisha abiria, alikuwa na subira mwanzoni. Akanionyesha moja inayopitia Baraka, lakini huko ni kushuka na kulala ukingoja nyingine, na kwa umri wa Mama niliona haifai. Nyingine ilikuwa inangoja saruji, na saruji yenyewe ilikuwa inangoja lori. Mwishowe Toussaint akaniuliza kama ninamtafutia mama yangu boti au mchumba, maana hakuna anayenipendeza.

Jambo la ajabu ni kwamba kila nilipokwenda, Mama naye alitaka kuja. Tukifika, ananiomba nimpeleke kwenye ubao wa kupandia boti. Anavua viatu, anapanda polepole, anashuka, anapanda tena, akipapasa kingo za ubao kwa nyayo. Nilipomuuliza alisema anapima kama mbao zina nguvu. Toussaint akasema huyu mama anataka kuinunua boti. Mimi nilidhani anaogopa maji, nikawa ninamtania njia nzima ya kurudi, yeye ameshika mkono wangu.

Ndipo ukapiga simu kusema mkunga amekuambia siku zimekaribia. Mama alisikia yote. Akaenda kufua kitenge chake kizuri, akakianika, na jana asubuhi akaniambia twende, labda leo Mungu ameleta boti nyingine.

Haikuwapo. Nikasimama na Toussaint kumsihi aulize tena, na Mama akaenda peke yake kwenye ubao wake. Ulikuwa umelowa mvua. Alipofika katikati, kumbe boti iliyofungwa pale jana ilikuwa ile ya shemeji, naye akatokea ndani amebeba kifuniko cha injini, wakawa uso kwa uso. Shemeji mwenyewe aliganda, hata kukohoa alisahau. Kitenge cha Mama kilikuwa mabegani. Hakukigusa. Alimwangalia mkwe wake machoni, kwa utulivu, kama mtu asiyemjua, akanyoosha mkono: “Baba, nishike hapa, kunateleza.”

Shemeji aliweka kifuniko chini. Akapangusa kiganja kwenye shati, akamshika, akamshusha hatua kwa hatua mpaka nchi kavu, amefunga mdomo kama mtu aliyejaza maji kinywani. Mama akamshukuru, akamwombea baraka. Yeye akainama tu, akarudi kwenye injini yake. Nilimwona akijifuta macho kwa kitambaa cha mafuta.

Yaya, Mama haoni.

Anaona mwanga na vivuli, basi. Nilimuuliza tulipofika nyumbani, na hakunificha tena. Macho yamekuwa yakififia kidogo kidogo, naye akajifunza nyumba kwa kuta zake, mchele kwa vidole, na ule ubao wa bandarini kwa nyayo. Nimelala naye chumba kimoja na sikujua. Hilo linaniuma, sitaki kudanganya. Habari ya mkwe ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa nusu. Lango la nyumbani amelizoea, akisikia kikohozi anajua ageukie wapi. Kwenye boti aliogopa atamvunjia mkwe heshima bila kujua. Zaidi ya hayo alikuogopa wewe. Aliogopa ukisikia, utasema abaki, maana kipofu atamfanyia nini mtoto mchanga? Aliposema hivyo alilia, nami nikalia naye, chakula kikaungua.

Sikumwambia ni mkono wa nani alioushika. Nilidhani mimi na shemeji tutaibeba siri hiyo mpaka ng'ambo. Lakini leo, mikono ikiwa kwenye mchele, ameniambia nirudi kwa Toussaint nimwandikishe boti ile ile. Kisha akaongeza: “Na ule mwenye hakukohoa, umuambie akae karibu na miye. Mukono yake inanuka mafuta ya motere, lakini inashika muzuri. Mutoto hataanguka.”

Nilivaa viatu. Nikaenda kumwandikisha.

Kwa hiyo nakuomba, yaya wangu. Usimwambie abaki. Mtoto akizaliwa mwekee mikononi, amsome uso kwa vidole. Mikono ile haijapofuka, na ndiyo uliyoiomba. Shemeji akirudi usimsifu mbele za watu, ataona haya. Na Ijumaa boti ikifika, najua utataka kumkimbilia hata na tumbo hilo. Usimkimbilie. Simama mahali pamoja, kohoa kidogo, ngoja ageuze uso kwako.

Nisalimie majirani wote wa huko, na huyo anayekupiga mateke mwambie bibi yake yuko njiani. Mungu akushike mpaka Mama afike akupokee.

Mdogo wako akupendaye,
Naomie