Firigisi ya Mwenye Nyumba

Kaloleni,
Jumapili jioni.

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Jicho lako lililopasuliwa laendeleaje? Namwomba Mungu lifunguke vyema, na namwomba dada Caroline akusomee barua hii asiruke neno, maana simu waikataa, wasema yakupigia kelele sikioni. Sisi huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kidogo, lakini mdomo wake haujambo kabisa.

Baba, ulipoondoka kwenda Malindi uliniachia maneno mawili. La kwanza, ukirudi ukute banda langu la kuku limebomolewa, kaka Kenga apate pahali pa kujenga. La pili, kwamba broila si kuku, ni pamba iliyoota manyoya, hata firigisi ya maana hana. Yaliniuma yote mawili. Tangu ndoa yangu ivunjike nikarudi nyumbani, sote hapa twala kwa banda hilo, nawe wajua.

Basi nikaenda kwa daktari wa mifugo. Akanieleza kwamba kuku wangu firigisi wanazo, ila hazina kazi. Chakula cha dukani kimeshasagwa, sasa zisage nini? Akanishauri niwazoeshe mtama mzima tangu wangali vifaranga, nikiuchanganya kidogo kidogo na chakula chao, niwape na changarawe ndogo za kusagia. Juu yake nitie unga wa vimeng'enya, usaidie tumbo kuyeyusha nafaka.

Mimi na pupa yangu! Kundi la kwanza nikalimwagia mtama tele, na vimeng'enya nikaviona mbwembwe za wenye maduka. Punje zikatoka nzima kama zilivyoingia, maranda niliyowatandikia yakaloa, vifaranga wakadumaa, wengine nikawazika. Kenga akacheka, akauliza kama nalima mtama bandani. Mama akasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Nikamwambia sisi si watu wa Idi, nitafaidi kabla. Lakini nililia, Baba, sikufichi.

Kundi la pili nikaenda taratibu. Nilianza na konzi moja ya mtama, nikaongeza walipozoea, na vimeng'enya nikichanganya kwa mikono yangu mwenyewe. Wamekuwa wazito, na miguu yao imara.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Juzi Kenga alileta fundi kupima kiwanja, kamba mkononi, bila hata kupiga hodi. Mama akasema mgeni haondoki na njaa, nitoe kuku. Kenga akamchinja, mimi nikampasua. Nikakuta firigisi nene, ngumu, imejaa kiganjani. Mama akaipika, akaiweka kwenye sinia upande wa Kenga, kwa kuwa wewe hupo na yeye ndiye mwanamume.

Baba, niliichukua mimi. Niliila mbele yao wote, na ilitaka meno. Fundi akainamia wali wake. Mama akasema, "Kache, hiyo huliwa na mwenye nyumba."

Nikamjibu, "Najua, Mama. Ndiyo maana nimeila."

Mama alinisogezea bakuli la mchuzi, na Kenga akaikunja kamba yake.

Siombi radhi. Nakuarifu mwenyewe usije ukalisikia kwa mwingine. Banda halibomolewi. Kenga ni ndugu yangu, nafasi ipo upande wa minazi, nami nitamsaidia hata kubeba mawe. Nawe ukirudi, kuna kuku mmoja nimekutengea. Utafune nusu ya firigisi yake, kisha uniambie usoni kama hiyo ni pamba. Nusu ya pili ni yangu.

Nisalimie dada Caroline na shemeji, watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama asema usilisugue jicho.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Kache, mwenye banda.