Babu Ndani ya Kopo

Mbeya, Jumapili, Julai 1975

Nimechoka. Hadi leo nilikuwa sijaamua: ukoo wetu niuandike kwenye kadi au karatasi moja kubwa? Mama ndiye pekee aliyebaki anayewakumbuka wote.

Leo nilitandaza ile karatasi mezani, nikamwonyesha alipo: kando ya baba, na babu juu yao.

Akajifunika kanga usoni, akarudi nyuma hadi mlangoni. "Umeniweka pamoja na baba mkwe?"

"Mama, babu alishakufa."

"Amekufa, lakini bado ni mkwe wangu."

Hata jina lake hajawahi kulitamka. Mimi Mnyakyusa mzima nimesahauje kwamba kwetu mke hakai mahali pamoja na baba mkwe wake?

Basi ni kadi. Ya babu nimeitia kwenye kopo lake peke yake. Mama akahakikisha limefunikwa, akaketi, akaendelea kunitajia watu. Kila alipofika kwa babu, alilionyesha kopo kwa kidevu.